Siku mbili za kujifunza kumtazama mtu: tathmini ya mafunzo ya kuwasiliana na viziwi

Mwezi uliopita, mimi na wenzangu 11 tunaohudumu mapokezi, famasi na maabara katika kituo cha afya tulipewa mafunzo ya siku mbili kuhusu namna ya kuwasiliana vizuri na viziwi. Waandaaji sitawataja, kwa kuwa upungufu niliouona nimekwisha kuwafikishia wenyewe kwa maandishi, na kwa kuwa mafunzo ya aina hii siku hizi hutolewa na wengi kwa mpangilio unaokaribiana. Nia yangu ni kumpa kipimo msomaji anayefikiria kuyalipia, kwa ajili yake au kwa ajili ya watu anaowaongoza, ili ajue atapata nini na atakosa nini. Niseme mapema kwamba nayapendekeza kwa moyo wote, ingawa kilichonifaa hakikuwamo katika tangazo. Tangazo liliahidi kwamba tungetoka tukijua ishara za msingi, nasi tulikwenda tukitarajia kurudi na ishara 30 au 40 mikononi. Tulirudi na chache tu, na nusu yake nimekwisha kuzisahau. Nilichobaki nacho ni jambo linalozitangulia ishara, yaani kujua pa kuuweka uso wangu na pa kuyaelekeza macho yangu ninapozungumza na mtu asiyenisikia.

Mkufunzi wetu ni kiziwi tangu utotoni, na hilo ndilo jambo la kwanza ningemshauri mtu aulizie kabla ya kulipa: anayefundisha anaishi na hali hii, au ameisoma tu? Aliingia chumbani na wakalimani wawili, lakini kwa robo saa ya mwanzo wakalimani hao waliketi nyuma yetu bila kutamka neno. Mkufunzi alisimama mbele akaanza kutueleza jambo kwa lugha ya ishara, kwa utulivu na kwa kirefu, kana kwamba sote tunaielewa. Kisha akapita kwa mmoja mmoja akiuliza swali. Aliponifikia alinitazama, akauliza, akangoja. Nikatabasamu na kuitikia kwa kichwa. Akauliza tena polepole zaidi, nami nikaitikia tena, safari hii kwa bidii. Baadaye wakalimani walipoanza kazi, maneno ya kwanza waliyotamka kwa niaba yake yalikuwa haya: "Dada, nimekuuliza mara mbili kama kuna dawa inayokudhuru, na mara zote mbili umesema ipo. Ni dawa gani?"

Sijapata somo lililoniingia haraka kama hilo. Kwa miaka saba nimekuwa nikimwuliza mgonjwa "umeelewa?" na kuridhika na kichwa kinachoitikia. Mkufunzi alieleza kwamba kuitikia kwa kichwa ni njia ambayo viziwi wengi huizoea mapema, mara nyingi tangu shuleni, ili kuyamaliza mazungumzo yanayowachosha au kumwepusha aliye mbele yao asikasirike, na kwamba anayesikia naye akiwekwa katika hali hiyohiyo hufanya vivyo hivyo, kama nilivyofanya mimi mbele ya wenzangu. Alitutaka tuyaache maswali yanayojibika kwa ndiyo. Badala ya "umeelewa?", uliza "utaanza kunywa dawa hii lini?" au "ukitoka hapa unakwenda chumba gani?" Mtu akijibu unajua amepata nini na amekosa nini, na akiwa amekosa unabadilisha maneno, hukariri sentensi ileile kwa sauti kubwa. Hili la sauti alilirudia mara kadhaa, kwa sababu anayepaza sauti hukunja uso na kupanua kinywa, na uso wa namna hiyo mbele ya mtu asiyesikia husomeka kuwa ni hasira.

Sehemu iliyofuata, ya kusoma midomo, ningeomba kila mhudumu aipate hata kama hana siku mbili za kutoa. Wengi wetu tulidhani kwamba kiziwi akikutazama mdomoni anapata karibu kila unalosema. Tuliketi wawili wawili, tukagawiwa vikaratasi vyenye neno mojamoja, tukayatamka maneno hayo bila sauti huku mwenzako akiandika anachokiona. Neno langu lilikuwa "bima", neno ambalo kwa kazi yangu nalitamka kutwa nzima. Mwenzangu aliandika "pima". Nikalirudia, naye akabaki na "pima". Nilipomwonyesha karatasi tukaanza kutazamana midomo kwa zamu, polepole, tukiitafuta tofauti, na tofauti haipo: katika b, p na m midomo hufumba na kufumbuka kwa namna moja, na kinachozitenganisha sauti hizo hutendeka kooni na puani, mahali jicho lisipofika. Kwa hiyo "baba", "papa" na "mama" kwa anayetazama ni neno moja. "Pesa" na "meza" ni neno moja. "Damu" haitofautiani na "tamu", na anayeambiwa "vua shati" anaweza kuona "fua shati". Sauti kama k na g hutokea nyuma ya kinywa na hazionekani hata kidogo. Nilihesabu kichwani sentensi ninazozisema kila asubuhi, zenye bima, kupima, damu na kuvua ndani yake, nikaelewa kwa nini baadhi ya wagonjwa hunitazama kwa wasiwasi ilhali mimi naona nimewaeleza jambo jepesi.

Msomaji hodari wa midomo, tulielezwa, hujaza mapengo hayo kwa kubahatisha kutokana na mada, na ndiyo maana ni lazima aijue mada kwanza. Andika neno moja kwenye karatasi, "bima", liweke mbele yake, kisha zungumza. Kubahatisha kwake kutakuwa na mahali pa kushika. Ukibadilisha mada, onyesha kwamba umeibadilisha. Tamka kwa mwendo wako wa kawaida au pungufu kidogo, kwa kuwa anayeyavuta maneno na kuyakatakata huifanya midomo ifuate maumbo ambayo hakuna aliyewahi kujifunza kuyasoma. Usitafune kitu, usiegemeze shavu kwenye kiganja, usizungumze huku umeinamia droo. Kuhusu maski, ambayo kwetu ni vazi la kazi, mkufunzi hakutuambia tuzivue penye hatari ya maambukizi. Alisema tuandike, na akatuonyesha aina yenye dirisha la plastiki angavu mbele ya kinywa. Zoezi lenyewe lilidumu kama dakika 25, nami nilipomaliza macho yaliniuma na kichwa kilikuwa kizito. Mkufunzi aliona tunavyojinyoosha, akasema kwamba viziwi wanaotegemea midomo huishi katika uchovu huo siku nzima, na kwamba mazungumzo marefu yanahitaji mapumziko ambayo mwenye kuyaongoza anapaswa kuyatoa bila kusubiri kuombwa.

Mchana wa siku hiyo kila mmoja aliandika tukio moja ambalo alishindwa kumhudumia mtu asiyesikia. Langu sikulitafuta mbali. Kulikuwa na mama mmoja wa makamo ambaye nilimwita jina mara tatu kutoka kaunta, nikaandika kwamba ameondoka, nikaendelea na wengine. Tulipokuwa tunafunga nilimkuta bado ameketi kwenye benchi, kadi yake mkononi, akitazama mlango wa daktari uliokwisha kufungwa. Alinyanyua kadi kunionyesha. Nikamwambia kwa mdomo kwamba arudi kesho, na nadhani hata hilo hakulipata. Nimeishi na sura ya mama yule kwa muda mrefu, na nilipoandika mkono ulitetemeka. Mkufunzi aliisoma karatasi yangu, hakunilaumu, ila aliniuliza swali moja: "Benchi lilikuwa wapi, na yeye alikuwa anatazama wapi?" Sikuweza kujibu. Nilikumbuka kila kitu ila hicho.

Alitufundisha namna za kumwita mtu asiyesikia. Ukiwa karibu, mguse begani kwa upole, mara moja au mbili. Ukiwa mbali, punga mkono ndani ya upeo wa macho yake, bila kuupeleka karibu na uso. Mkiwa mezani, gonga meza ili mtikisiko umfikie. Chumba kikiwa na watu wengi, zima na uwashe taa. Kumshika mtu kidevu ili ageuze uso, au kumrushia kitu, ni kumvunjia heshima, na wapo tuliowaona wakifanya hivyo wakidhani wanasaidia. Akishakutazama, ndipo uanze kusema, na wewe ukiangalia pembeni ujue umeyakata mazungumzo. Sisi tunaosikia tumezoea kuzungumza na mtu huku tunaandika, tunafungua faili, tunajibu simu. Masikio yanaturuhusu. Macho hayaruhusu, kwa kuwa yanafanya kazi moja kwa wakati mmoja: mtu hawezi kusoma fomu uliyompa na kukutazama ukiieleza. Mpe fomu, nyamaza, ngoja ainue uso, kisha sema. Kunyamaza huko kwa sekunde tano au sita ndiko kulikonisumbua kuliko yote katika mazoezi, na ndiko ninakokuona kuwa na thamani kubwa kuliko yote niliyofundishwa.

Siku ya pili ilianzia mahali petu pa kazi kabla ya kufungua milango, na kwa hili nawapongeza waandaaji bila kusita. Mkufunzi aliketi kwenye benchi la wagonjwa akanitaka niketi mahali pangu na kufanya kazi kama kawaida. Baada ya dakika chache alinyanyuka akaniomba tubadilishane nafasi. Nilipoketi pale benchini nilimwona mtu mweusi tii aliyezingirwa na mwanga, bila macho wala mdomo: dirisha lilikuwa nyuma ya kiti changu, na jua la asubuhi lilikuwa limeingia lote. Kwa miaka saba nimekuwa kivuli kwa kila mgonjwa wa asubuhi. Kisha akaonyesha kioo cha kaunta, ambacho sisi wenyewe tulikuwa tumekibandika matangazo matatu, na yote matatu yalikuwa kwenye kimo cha mdomo wa mhudumu aliyeketi. Mwishowe akaonyesha benchi, ambalo liliutazama mlango wa daktari na kuipa kaunta mgongo. Swali la jana lilikuwa limejibiwa. Yule mama hakuwa na njia ya kuniona nikimwita hata kama ningesimama juu ya kiti.

Kabla ya saa tatu tulikuwa tumekwisha kugeuza benchi, kuhamisha kaunta upande mwingine wa chumba ili mwanga utupige usoni, na kubandua matangazo. Hakuna kilichonunuliwa. Tangu siku hiyo kuna daftari na kalamu nene kwenye kaunta, na anayefika akionyesha sikio au akiomba kwa ishara huandika mwenyewe jinsi anavyopenda kuitwa na kuzungumzishwa: kwa maandishi, kwa mkalimani, kwa midomo, au kwa kuguswa begani zamu yake ikifika. Maelezo hayo huingia ndani ya faili kwa idhini yake. Mkufunzi alitukataza kuyaweka juu ya jalada, mahali ambapo kila mpita njia angeyasoma. Skrini ya namba tumeiomba kwa uongozi, pamoja na taa ya kumulika itakayowaka sambamba na king'ora cha moto, kwa maana tuligundua kwa mshtuko kwamba aliye chooni peke yake na asiyesikia hangejua kama jengo linaungua.

Mafunzo kuhusu kufanya kazi na mkalimani yalichukua saa moja na nusu na yalikuwa mazuri, ingawa nilitamani madaktari wetu wawepo. Kosa tulilolifanya sote katika igizo la kwanza ni kumgeukia mkalimani na kumwambia "mwulize anaumwa wapi". Mgonjwa ndiye wa kutazamwa na ndiye wa kuulizwa, "unaumwa wapi?", hata kama sauti inayorudi inatoka upande mwingine. Mkalimani huchelewa kidogo nyuma ya msemaji kwa sababu anangoja maana ikamilike ndipo aihamishe, kwa hiyo ukimaliza kusema usikimbilie swali la pili. Anapaswa kukaa kando au nyuma kidogo ya anayesikia, ili kiziwi awaone wote wawili kwa mtupo mmoja wa macho. Kazi ndefu inahitaji wakalimani wawili wanaopokezana kila baada ya dakika 20 hadi 30, maana akili ikichoka tafsiri huharibika kabla mkalimani mwenyewe hajatambua. Tulizungumza kwa uchungu kuhusu desturi ya kumtumia mtoto wa mgonjwa. Mwenzetu wa maabara alieleza jinsi alivyowahi kumwona binti wa miaka kama tisa akimtafsiria mama yake majibu ya vipimo ambayo mtoto yeyote hapaswi kuyabeba, na chumba kizima kilitulia. Mkufunzi alitukumbusha kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, unazitaja lugha za ishara waziwazi na unataja pia huduma ya wakalimani wenye taaluma, na hivyo mgonjwa anayemwomba mkalimani haombi hisani.

Historia ilipewa dakika 30 tu, na kwa maoni yangu ilitosha, kwa kuwa ilichaguliwa vizuri. Tulisimuliwa juu ya mkutano wa walimu uliofanyika Milan mwaka 1880, ambako wajumbe ambao karibu wote walikuwa watu wanaosikia waliamua kwamba watoto viziwi wafundishwe kwa matamshi na lugha ya ishara iondolewe madarasani. Uamuzi huo ulienea nchi nyingi, ukawanyima vizazi kadhaa vya watoto lugha waliyoweza kuipata kwa macho, na ilichukua hadi mwaka 2010, katika mkutano wa mfululizo huohuo uliofanyika Vancouver, ndipo maazimio yale yakakataliwa rasmi na majuto yakatamkwa. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1960, William Stokoe alichapisha uchambuzi wa lugha ya ishara ya Marekani ulioonyesha kwamba ishara zake zina viungo vyake vya ndani, yaani umbo la kiganja, mahali panapotengenezwa ishara na mwendo wake, kama vile maneno ya mdomo yalivyo na sauti zake. Mkufunzi alituonyesha hilo papo hapo kwa ishara mbili zilizofanana kila kitu isipokuwa mahali, moja kwenye paji la uso na nyingine kidevuni, zenye maana mbili zisizohusiana kabisa. Kisha akainua nyusi tu, bila kubadilisha mkono, na kauli ikawa swali. Hapo nilielewa kwamba uso katika lugha hii ni sehemu ya sarufi, na kwamba aliyezoea kuusoma uso wa kila anayezungumza naye huuona pia uchovu na dharau tunazodhani tumezificha.

Juu ya majina alikuwa mfupi. Yeye hujiita kiziwi na hapendi kufichwa ndani ya maneno marefu ya kumhurumia, lakini alisema wapo wanaopendelea maneno mengine na njia ya kujua ni kumwuliza mwenyewe. "Bubu" alilikataa bila mjadala: viziwi wengi wana sauti, na wote wana la kusema. Alikataa pia "haidhuru, si muhimu" na "nitakueleza baadaye", kauli ambazo watu hupewa wanapouliza wenzao wanacheka nini au daktari amesema nini. Alisema amezisikia kwa macho yake, hayo ni maneno yake, tangu alipokuwa mtoto mezani kwao.

Sasa niseme yaliyonisikitisha. La kwanza ni karatasi ya alfabeti ya vidole tuliyogawiwa. Ilikuwa imechapwa vizuri, tukaanza kuikariri kwa furaha, hadi mmoja wetu alipouliza ni ya lugha gani. Ilikuwa alfabeti ya mkono mmoja ya Marekani, na wala karatasi haikusema hivyo. Mkufunzi mwenyewe aliona haya, kwa sababu ni waandaaji walioiandaa, na alikuwa ametoka kutufundisha kwamba lugha za ishara duniani ni zaidi ya 300 na kwamba Wamarekani na Waingereza, ambao husoma magazeti ya lugha moja, hutumia lugha za ishara mbili tofauti, Waingereza wakitahajia kwa mikono miwili. Kumpa mhudumu alfabeti ambayo wagonjwa wake huenda hawaitumii ni kumpa ufunguo wa nyumba ya mtu mwingine. Hata ikiwa ndiyo inayotumika mahali fulani, lazima karatasi iseme ni ya wapi.

La pili ni zito zaidi. Karibu kila zoezi lilimhusu kiziwi anayetumia lugha ya ishara, ilhali wengi wa wasiosikia wanaofika kwenye kaunta yangu ni wazee waliopoteza usikivu polepole, wasiojua ishara hata moja, na ambao hujitahidi sana kuficha. Shirikisho la Viziwi Duniani hukadiria viziwi kuwa milioni 70 hivi. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu zaidi ya milioni 430 wenye upungufu wa kusikia unaohitaji huduma. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo watu ambao mafunzo haya yaliwapa nusu saa ya jioni ya siku ya pili, tulipokuwa tumechoka. Hata hivyo nusu saa hiyo ilikuwa na manufaa. Tulijifunza kwamba kifaa cha sikioni hukuza sauti zote pamoja, ikiwamo ya feni na ya viti vinavyoburutwa, wala hakimrudishii mtu masikio ya zamani. Kwamba kwa mzee sauti nyembamba kama s na f ndizo hupotea mapema, hivyo husema "nakusikia ila sikuelewi" na husema kweli. Na kwamba kumhamishia kwenye kona tulivu yenye mwanga humsaidia kuliko kumpigia kelele mbele za watu. Mambo hayo yalistahili asubuhi nzima. Waliozaliwa viziwi na baadaye wakapoteza uwezo wa kuona, ambao huzungumzwa nao kwa ishara zinazotengenezwa ndani ya viganja vyao, walitajwa kwa sentensi moja.

Kipindi cha programu za simu zinazogeuza usemi kuwa maandishi hakikunishawishi. Katika chumba cha mafunzo programu ilifanya vizuri, lakini tulipoipeleka ukumbini, penye watoto wanaolia na mlango unaogonga, iliandika majina ya dawa kwa namna ambayo ingemdhuru mtu. Itumike kwa mazungumzo mafupi ya watu wawili, na dozi iandikwe kwa mkono. Pia mkufunzi alionya, na ningependa onyo hilo lingepewa nafasi zaidi, kwamba kwa viziwi wengi lugha ya maandishi ni ya pili, waliyojifunza bila kuisikia; sentensi fupi na mchoro wa jua na mwezi kando ya idadi ya vidonge husaidia kuliko aya nzima yenye maneno ya kitaalamu.

Jambo la mwisho linahusu cheti. Kila mmoja alipewa cheti kinachosema amefuzu "mawasiliano na viziwi", na siku iliyofuata msimamizi mmoja aliuliza kama sasa tunaweza kuacha kutafuta mkalimani kwa kuwa wahudumu wamesomea. Hatuwezi. Kati ya salamu niliyofundishwa na kumweleza mtu hatari za upasuaji kuna miaka ya kujifunza, na waandaaji walipaswa kuliandika hilo kwenye cheti chenyewe kwa herufi zisizofichika. Walipaswa vilevile kuweka sharti kwamba viongozi wahudhurie walau nusu siku, maana benchi tuliligeuza wenyewe, lakini mkalimani halipwi na mhudumu wa mapokezi.

Kwa anayetaka kuyachukua, aombe mambo matatu kabla ya kutia saini: mkufunzi awe kiziwi, siku moja ifanyikie mahali penyewe pa kazi, na sehemu ya wazee iongezwe muda. Waandaaji wamenijibu kwamba karatasi ya alfabeti imeondolewa na kwamba maneno ya cheti yanaangaliwa upya. Nimeomba pia nafasi katika kozi yao ndefu ya lugha ya ishara, ya jioni mbili kwa wiki, na nimeambiwa nisubiri kikundi kipya kifikishe watu wanane. Mpaka sasa tumejiandikisha watano.